Mausi Upande wa Kushoto

Mtaalamu wa kompyuta alipotoka kwenda kula, niliihamisha mausi kutoka kulia mwa kibodi nikaiweka kushoto, na sikumwomba mtu ruhusa. Ningemwomba nani? Mkono ni wangu. Waya ulikuwa mfupi, ikabidi niupitishe nyuma ya kompyuta, nikapiga chafya kwa vumbi, lakini ulifika. Nikakaa, nikachora duara. Likatoka duara. Asubuhi nzima nilikuwa nimechora kwa mkono wa kulia vitu vilivyofanana na viazi, na mtaalamu akawa ananiambia kwa upole, "Utazoea, dada, utazoea." Nizoee nini? Nilikuwa nimeshazoezwa vya kutosha utotoni.

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, katika karakana ya kuandika mabango iliyokuwa uchochoroni pale Nyamagana, katikati ya mji wa Mwanza. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, kila mwenye kibanda alitaka bango. Jengo lililokuwa duka la ushirika lilikuwa limegawanywa, huku saluni, huku vipuri, huku kanda za muziki, na kila mmoja alitaka herufi kubwa kuliko za jirani yake. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vimejengwa kando ya ziwa, na wageni wake walikuja na vipeperushi vya Nairobi mkononi. "Nataka hivi," walisema, wakionyesha herufi zenye kivuli na mng'ao. Kwa brashi na kopo la rangi tuliweza, lakini ilikula siku mbili, na mteja wa siku hizo hakuwa na subira ya siku mbili.

Mwenye karakana tulimwita Mzee. Alikuwa mtu wa mjini kweli, baba yake Mwarabu fundi wa kuandika majina ya maboti, mama yake Msukuma wa Magu, na yeye mwenyewe alikuwa ameshika brashi tangu akiwa mdogo. Alisafiri hadi Nairobi, akarudi na kompyuta iliyotumika, skana, na programu ya kuchorea. Akamleta na mtaalamu kutoka Dar atufundishe kwa wiki mbili. Mafundi tuliokuwa tumebaki tulikuwa wawili tu, mimi na mwenzangu ambaye alinizidi umri nikimwita kaka. Mzee alituwekea wazi siku ile ile mashine ilipotolewa kwenye boksi. Kiti kilikuwa kimoja. Mteja wake wa kwanza alikuwa muuza nyavu wa Kirumba, karibu na soko la samaki la Mwaloni, aliyetaka kalenda ya ukutani yenye picha ya sangara. "Atakayenichorea sangara akaonekana sangara, huyo ndiye atakayekaa hapa," Mzee alisema, akiupiga mgongo wa kiti. "Mwingine ataendelea na ngazi."

Nilikitaka kile kiti, msinifiche midomo mkicheka. Nilikitaka mpaka nikakosa hamu ya chakula. Ngazi nilikuwa nimeipanda miaka, jua likinipiga kisogoni, vijana wakipita chini wanauliza kama mwanamke naye anaandika ukuta. Halafu kazi za ukuta zilikuwa zinapungua, kila mtu aliliona hilo. Aliyebaki kwenye ngazi alikuwa anangoja kuambiwa kesho usije.

Sasa nieleze habari ya mkono. Kwetu mkono wa kushoto ni wa chooni, basi. Haupokei kitu, haumpi mtu kitu, haugusi chakula. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mimi nilisoma darasani kwake, kwa hiyo nilikuwa na baba saa zote. Alipoona penseli inaenda kushoto, alikata kitambaa cha kaki kutoka kwenye kaptura kuukuu ya shule, akanifunga mkono kwenye kiuno. Nilikaa hivyo darasani, nikakaa hivyo mezani, wenzangu wakinicheka mpaka wakachoka. Nikisahau, alikuwa hasemi sentensi nzima. Alikuwa anasema, "Mkono!" Neno hilo moja tu, na mgongo wangu unanyooka wenyewe.

Kuandika nilihama. Hadi leo naandika kwa kulia, mwandiko wa kupigiwa mfano. Lakini kuchora, wapi! Kuchora kulikataa katakata. Nilichora kwa mkaa nyuma ya jiko, kwa kushoto, na nikisikia viatu vyake nilifuta kwa kisigino. Kwa hiyo baba yangu alinilea, akanisomesha, akastaafu akahamia Butimba, na hakuwahi hata siku moja kuniona nikichora. Alijua tu kwamba binti yake anaandika mabango mjini. Nilidhani anaamini naandika kama alivyonifundisha.

Herufi za ukutani nazo kwangu ni kuchora, kwa hiyo nilizichora kwa kushoto, na Mzee yeye hakujali, maana ukutani alichotaka ni herufi zinyooke. Ila nilikuwa na namna yangu iliyowachekesha watu. Rangi ya mafuta haikauki upesi, na anayetumia kushoto akianza na herufi ya kwanza, kiganja kinapita juu ya alichokwisha andika na kukivuruga. Basi mimi nilianza na herufi ya mwisho nikirudi kwenye ya kwanza. Watu walisimama chini ya ngazi wakibishana neno gani linakuja. Siku moja Kirumba nilikuwa naandika KINYOZI, nikaanza na I, nikaja na Z, nikaja na O, nimenogewa kabisa, kufika mwanzo nikakuta bomba la maji ya mvua na ukuta umekwisha. K ikabidi niibane. Mwenye kibanda aliitazama akasema, "Hiyo K mbona imekonda, haijala?" Nikamwambia ale yeye, K itashiba.

Tena pale karakana kulikuwa na desturi ambayo hatukuwahi kuijadili. Kila fundi alijitengenezea brashi zake. Tulinunua singa za mkia wa ng'ombe machinjioni, tukazichemsha, tukazifunga kwenye kijiti, tukazikata mshazari kufuata mkono wa mwenyewe. Brashi zangu zililalia upande ambao wa wenzangu hazikulalia. Hakuna aliyegusa brashi ya mwenzake. Kuazima brashi ya mtu kulikuwa kama kuazima mswaki.

Ndiyo maana ile kompyuta ilinikera mwanzoni. Ndani yake brashi zilikuwa zimepangwa tayari, viduara vidogo mpaka vikubwa, vyote sawa, vya kila mtu. Kwa viduara vile sangara wangu wa kwanza alitoka amevimba kama puto. Na vitufe navyo vilikuwa vimepangwa kwa mtu wa kulia. Mtaalamu alitufundisha vizuri, simsingizii, alikuwa anajua kazi yake. Alieleza kwamba mkono wa kulia unachora na mausi, wa kushoto unakaa kwenye kibodi ubonyeze njia za mkato: kitufe hiki kinaleta brashi, hiki kifutio, Kontroo na Zedi kwa pamoja vinarudisha nyuma kosa lako. Na vyote viko kushoto mwa kibodi. Aliyeshika mausi kwa kushoto, kila akitaka kufuta kosa inabidi auvushe mkono wa kulia mbele ya tumbo kama anajikuna ubavu wa pili.

Katika orodha za juu niliona mahali pa kupangia vitufe upya. Nikamwuliza. Akasema, "Hapo msipaguse, dada. Hapo pana mambo yake."

Nikapagusa. Nilianza kuja asubuhi kabla yao. Niliichukua ile sehemu ya tarakimu iliyo kulia mwa kibodi nikaifanya yangu. Kitufe cha kujumlisha kikawa cha kurudisha kosa. Namba za chini zikawa za kupunguza unene wa brashi, za juu za kuongeza. Sifuri kubwa, ile inayokaa chini ya kidole gumba, nikaipa kifutio. Nilipomaliza niliweka mkono wa kulia pale, wa kushoto kwenye mausi, na haki ya Mungu nilihisi nimevaa nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyangu.

Kisha brashi. Nilichovya kipande cha wavu kwenye wino mweusi nikakigandamiza kwenye karatasi nyeupe. Nikafanya hivyo kwa kipande cha godoro, kwa kamba ya katani iliyofumuka, na kwa brashi zangu mwenyewe za singa, nikiziburuta kwa ule mshazari wangu. Nikaziweka karatasi kwenye skana. Kwenye kioo cha kompyuta nikaikata alama moja moja, nikaisafisha kingo, nikaiambia programu kwamba hii sasa ni brashi. Alama ya wavu niliipunguza mpaka ikawa ndogo, nikaipitisha ubavuni mwa samaki, na magamba yakatokea. Nilipiga kelele peke yangu mle ndani. Magamba ya kweli, yamelala upande unaotakiwa! Brashi ya godoro ilinipa tumbo lenye utelezi, ya singa ikanipa mapezi. Nilikuwa nacheka kama mwendawazimu.

Mtaalamu alipogundua vitufe vimehama, alivirudisha kama vilivyotoka kiwandani. Kesho yake nikavipanga tena. Akavirudisha. Nikavipanga. Hatukusemezana juu ya jambo hilo. Tulikuwa tunasalimiana vizuri tu na kuulizana za nyumbani.

Aliyeumia ni kaka. Yeye alikuwa amehangaika siku nzima na sangara wake, akafika mahali pa kuandika namba ya simu ya muuza nyavu chini ya picha. Akabonyeza tarakimu kule kulia. Hazikutoka. Akadhani mashine imekwama, akakipata kile kitufe cha kujumlisha akakipiga, akakipiga, akakipiga kwa hasira, kama mtu anayegonga mlango. Kila kipigo kilikuwa kinarudisha nyuma kazi yake hatua moja. Kivuli kikaondoka, mkia ukaondoka, macho yakaondoka. Alikuwa anatazama vidole, hatazami kioo. Halafu, maskini, akahifadhi, akatoka kwenda kunywa chai.

Aliporudi alikuta samaki asiye na mkia wala macho. Hakunifokea. Alikaa kwenye benchi akashika kichwa, akasema, "Mdogo wangu, umeniua." Hilo liliniuma kweli, nikamwomba radhi mbele ya wote. Lakini Mzee alipouliza, "Utavirudisha hivyo vitufe?" nilimjibu kwamba programu inaweza kuhifadhi mpango wa kila mtu kwa jina lake, kila anayekaa afungue wake. Mtaalamu alikubali kwamba inawezekana, ila alisema mashine ya kazi haipendezi ikiwa na sura mbili.

"Mashine moja, utaratibu mmoja," Mzee alisema. "Mausi kulia. Kesho nataka nikuone umekaa kama wenzako."

Nikakaa. Sikatai, nilikaa. Nilishinda kutwa nimeshika mausi kwa kulia, na kwa viduara vile vya kiwandani nikachora sangara. Alikuwa laini, amenyooka, hana kosa, kama mche wa sabuni. Jioni Mzee akaja akainama mbele ya kioo. Akatabasamu. "Unaona sasa? Huyu anatosha. Kiti ni chako, mwanangu, ukikaa hivi hivi."

Kitu nilichokuwa nakitaka mpaka nakosa usingizi kilikuwa kimewekwa kiganjani mwangu. Na nilimwangalia yule samaki. Nilimjua. Alikuwa ni ule mwandiko wangu wa kupigiwa mfano, umeota mapezi.

"Simtaki," nilisema.

"Humtaki nani?"

"Samaki huyu. Simtaki, Mzee, na kiti cha namna hii sikitaki. Mwenye kukitaka akae."

Mzee alinitazama kama nimemtukania mama. Asubuhi yake nilifika mapema, nikairudisha mausi kushoto, nikapanga vitufe vyangu, nikaanza sangara wangu mwingine na brashi zangu. Nilijua nafukuzwa. Niliamua nifukuzwe nikiwa nachora.

Mzee hakunifukuza. Alifanya kibaya zaidi. Alimwita baba.

Alikuja siku ya pili yake, amevaa koti lake la safari za mjini na kofia. Nilisikia viatu uchochoroni kabla sijamwona. Nikainuka. "Shikamoo, baba." "Marahaba." Mzee naye alimpokea kwa heshima zote, akamfutia benchi, akaagiza soda. Kaka na mtaalamu wakasogea pembeni wakijifanya wanapanga makaratasi.

"Mwalimu," Mzee alianza, "binti yako ana akili kuliko wote hapa, sikufichi. Lakini ni mbishi. Nimemwambia ashike mausi kwa kulia kama watu, kazi ni yake. Amenikatalia. Mimi nimeshindwa, ndipo nikasema nimwite mzazi."

Baba alinigeukia. "Kaa. Fanya kazi nione."

Nikakaa. Mausi ilikuwa kushoto. Ningeweza kuihamisha, waya uliruhusu. Nikaishika ilipokuwa, na kidole gumba cha kulia kikaenda kwenye sifuri. Nikaanza kupitisha magamba.

"Mkono!"

Neno hilo hilo, sauti hiyo hiyo. Nawaapieni, vidole viliachia mausi vyenyewe, kama vimeungua, na mgongo ukanyooka. Nilikuwa mtu mzima, nalipa kodi ya chumba changu, na nilikaa pale nimenyooka kama ninangoja fimbo. Nikasikia hasira inapanda, hasira ya miaka yote ile, na ilikuwa hasira juu ya vile vidole kuliko juu yake. Nikavirudisha kwenye mausi.

"Hapana, baba."

Sikuwahi kumwambia baba yangu hapana. Sikugeuka kumtazama. Niliendelea kuchora, magamba ya ubavuni, tumbo, nikakosea pezi, nikabonyeza, kosa likaondoka, nikalichora tena. Kaka alikuwa ameacha hata kujifanya anapanga makaratasi. Nikamaliza jicho, lile la sangara linalowaka kama la paka akimulikwa, ndipo nikaweka mikono yangu yote miwili mapajani.

Baba alikuwa amesimama, kofia mkononi. Alitazama kioo muda mrefu. Kisha akamgeukia Mzee, si mimi.

"Mzee mwenzangu," alisema, "huyu nilimfunga mkono na kitambaa. Nilikuwa baba yake, nilikuwa mwalimu wake, na fimbo ilikuwa yangu. Nikashindwa. Wewe una kipi cha kumshindia?"

Mzee akaanza kucheka, kicheko cha kujishikia ukuta, na kaka naye akadakia, hata mtaalamu. Mimi sikucheka. Mzee alipopata pumzi alisema, "Basi, basi, yamekwisha. Kila mtu afungue mpango wake kwa jina lake. Picha zote zako, herufi za huyu kaka yako. Lakini akipoteza kazi tena kwa vitufe vyako, utairudia wewe, kwa kulia!" Nikasema nimekubali. Sangara niliyemchora asubuhi ile ndiye aliyekwenda kwenye kalenda.

Nilimsindikiza baba hadi kituoni. Tulipita sokoni, yeye mbele kidogo kama kawaida yake. Nilikuwa nimepata kiti, nilipaswa kuwa na furaha, na kwa kweli nilikuwa nayo, lakini maneno yake hayakuniacha. Kumbe alijua. Miaka yote ile nafuta mkaa kwa kisigino, alikuwa anajua kwamba nimemshinda, na hakuniambia.

Gari la Butimba lilikuwa linajaza. Akavaa kofia, akasema bila kunitazama, "Ila mwandiko wako ulikuwa mzuri. Hakuna mtoto darasani aliyeandika kama wewe."

"Sikuwa naandika vizuri, baba," nilimwambia. "Nilikuwa naogopa."

Kondakta alikuwa anawaita watu waingie. Baba alisimama na mguu mmoja kwenye ngazi ya gari, akanitazama usoni.

"Najua," alisema. Akapanda, nami nikarudi kazini.